Fidla Haikuumbwa Bubu

Kuna hukumu ambayo watu wa korali wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huitoa bila kusita, na ndugu zangu wa Shabunda, ambao hawana habari na okestra, huitoa pia kwa sababu zao wenyewe. Wa korali husema: muziki uliokamilika hauhitaji mtu wa kuusemea. Ukiona mpiga fidla ameshusha upinde na kuanza kusimulia, ujue nota zimemwishia. Wa Shabunda husema: masimulizi ya wazee yana ngoma zake na usiku wake, na kuyaweka juu ya kibao cha Wazungu chenye nyuzi nne ni sawa na kumfunga tai mzee wa bwami, chama chetu cha jadi. Kambi hizi mbili hazikubaliani kuhusu ibada, mahari wala mazishi, lakini hapa zimesimama upande mmoja.

Kinachobishaniwa ni aina ya utunzi inayozidi kusikika katika kumbi za Ulaya na Marekani: konserto ya fidla ambamo hadithi husemwa kwa mdomo katikati ya muziki. Konserto, kwa asiyeizoea, ni utungo mrefu ambamo ala moja husimama mbele ya okestra nzima ikijibizana nayo, mara ikibembeleza, mara ikigomba. Katika hizi za sasa, mpiga fidla mwenyewe au msimulizi aliye ubavuni pake hueleza kisa, na fidla haimsubiri amalize. Inamwingilia, inambishia, inamalizia sentensi aliyoiacha njiani. Wanaozisifu wanasema ni uvumbuzi. Wanaozibeza wanasema ni mbinu ya kuwavuta watu ambao Beethoven amewashinda. Mimi naona wote wamejikwaa kwenye kisiki kimoja: wanaamini kwamba muziki na usimulizi vilizaliwa mbalimbali, na kwamba leo kuna mtu anajaribu kuviozesha. Ukitazama kutokea Shabunda, mambo yako kinyume. Vilikuwa kitu kimoja, na waliovitenga wana majina, na kazi yao ina tarehe.

Nianze na watu wa korali, kwa kuwa wao hupenda ushahidi wa vitabu. Kati ya konserto za fidla zinazojulikana kuliko zote duniani zimo nne za Antonio Vivaldi, zile za majira ya mwaka, zilizochapwa Amsterdam mwaka 1725. Kila moja ilichapwa pamoja na shairi lake la mistari 14, na mashairi hayo hayakuwekwa pale kama pambo la jalada. Herufi zilitiwa kando ya mistari, kisha herufi zile zile zikatiwa juu ya nota, ili mpigaji ajue neno gani linapigwa wapi. Katika sehemu ya polepole ya konserto ya machipuko, fidla kuu ni mchungaji wa mbuzi aliyelala. Fidla nyingine ni mnong'ono wa majani. Na viola, ile dada ya fidla yenye sauti nzito zaidi, imeandikiwa waziwazi kwamba ni mbwa anayebweka. Inabweka mara mbilimbili tangu mwanzo wa sehemu hiyo hadi mwisho, na Vivaldi ameagiza ipigwe kwa nguvu wakati wote. Nimewahi kusikia sehemu hiyo ikisifiwa kwa utulivu wake wa kiroho. Ni mbwa.

Wazo kwamba muziki wa ala hukamilika pale tu unapokuwa hauna habari ya kusimulia ni la baadaye. Lilipata mtetezi wake mkuu Vienna mwaka 1854, mhakiki Eduard Hanslick alipochapa kitabu kilichosema kwamba kilichomo ndani ya muziki ni sauti zinazokwenda, basi. Alikuwa na hoja zake, tena nzuri, dhidi ya watu waliokuwa wakigeuza kila utungo kuwa leso ya kufutia machozi. Lakini hoja ya mji mmoja, katika ugomvi wa kizazi kimoja, ilisafiri, na ilipofika kwetu katika mizigo ya walimu wa solfeji ilikuwa imegeuka sheria ya maumbile. Hata huko ilikotoka haikutiiwa. Karibu miaka 80 kabla ya Hanslick, mnamo 1775, Georg Benda alikwisha tunga mchezo ambamo waigizaji husema badala ya kuimba, na okestra huwajibu. Mwaka 1918, vita vikiwa vimewaacha hawana fedha, Igor Stravinsky na mwandishi C. F. Ramuz walitunga nchini Uswisi kisa cha askari, fidla yake na Shetani: msimulizi, waigizaji wachache na wapigaji saba tu, kikundi cha kubebeka mji hadi mji. Kilionyeshwa Lausanne mwezi Septemba, kisha ile homa ya mafua iliyoitikisa dunia ikavunja safari. Mmarekani Laurie Anderson, ambaye ni mpiga fidla na msimulizi kwa pamoja, aliuvua upinde wake singa mwaka 1977 akauwekea utepe wa sauti iliyorekodiwa. Anapouvuta juu ya fidla, fidla inatoa maneno. Na Patricia Kopatchinskaja, mmoja wa wapiga fidla wakubwa wa wakati huu, ameiweka fidla chini akachukua nafasi ya msemaji katika Pierrot lunaire, utungo wa Arnold Schoenberg wa mwaka 1912. Nota hazikumwishia.

Hata hivyo watu wa korali wana hoja moja ambayo haijibiki kwa kutaja majina, na wangenishangaza kama wasingeitumia. Kazi nyingi za namna hii ni mbovu. Msimulizi anasema mvua ikanyesha, na fidla zinadondoka matone. Anasema farasi akakimbia, na ngoma zinakimbia. Hapo neno na sauti vimefanya kazi ile ile, na msikilizaji amelipishwa mara mbili. Tena wanauliza: ukishakijua kisa, utakaaje kitako kukisikiliza mara ya pili? Simfonia haiishi hamu, hadithi inaisha. Maswali haya ni ya kweli. Ila hayajibiwi kwa kumfukuza msimulizi ukumbini. Yanajibiwa kwa kuuliza neno lina kazi gani mahali ambapo muziki upo, na watu waliolijua jibu hilo vizuri walikuwa hapa hapa kwetu.

Basi twende Shabunda, kama barabara itaruhusu. Kwa kawaida hairuhusu. Ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Bukavu, msitu na matope, na bidhaa nyingi za dukani hufika kwa ndege ndogo, na bei zake hupanda nazo. Ndiyo teritwari kubwa kuliko zote za Kivu Kusini, na ni nchi ya Warega, ambao wenzao wako Mwenga na ng'ambo ya mpaka wa jimbo, Pangi ya Maniema. Kilichowashika pamoja Warega hakikuwa mfalme. Kilikuwa bwami, chama cha ngazi kwa ngazi ambacho mtu na mkewe walipanda pamoja, na ambacho kwa wakati mmoja kilikuwa shule, baraza na jumba la sanaa.

Katika sherehe za bwami methali haikusemwa tu. Mkufunzi, ambaye Warega humwita nsingia, aliinua kitu: sanamu ndogo ya pembe, gamba la kakakuona, mdomo wa ndege wa msituni, barakoa isiyozidi kiganja. Alicheza nacho. Aliimba methali yake, wenzake wakaitikia, ngoma zikapigwa. Kitu kile kile kikichezwa kwa namna nyingine kilibeba methali nyingine. Kwa hiyo ukiondoa wimbo hujui tena sanamu inasema nini, na ukiondoa sanamu wimbo hauna pa kushika. Mwanafunzi aliyekuwa akipandishwa ngazi hakuambiwa achague kama alichokiona ni muziki, ni mchezo au ni mafundisho.

Kisha wakaja wakusanyaji, kila mmoja na kikapu chake. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku bwami mwaka 1948, na vitu vyake, vile vya pembe hasa, vilizidi kuelekea makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na kwenye makusanyo ya watu binafsi Ulaya na Marekani, ambako leo vimewekwa kwenye vioo na taa nzuri. Wanaisimu walichukua maneno. Hugh Tracey alipita Rwanda na ukingo wa msitu wa Ituri mwaka 1952 akiwa na mashine zake, akachukua sauti, na sauti hizo zilitolewa kwenye sahani za santuri zilizoweza kubeba dakika tatu hivi kila upande. Siwasemi vibaya, bila wao tungekuwa tunabishana bila ushahidi wowote. Lakini tazama matokeo. Makumbusho yalipata kitu, kitabu kikapata neno, santuri ikapata sauti. Sisi wajukuu tulirudishiwa mali ile ikiwa mafungu matatu, tukaambiwa hizi ni fani tatu, kila moja na mwalimu wake na mtihani wake. Mwanakorali wa Bukavu anayesema kwamba maneno yanauchafua muziki anadhani anatetea usafi. Anatetea mpangilio wa ghala.

Mfano ulio wazi kuliko yote hautoki kwa Warega bali kwa jirani zao wa kaskazini, Wanyanga wa Walikale. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, mtambaji She-Karisi Candi Rureke alisimulia kisa cha Mwindo kwa siku 12, na Mbelgiji Daniel Biebuyck na Mnyanga Kahombo Mateene ndio waliokipeleka kitabuni. Rureke alisema, aliimba, alicheza, aliigiza. Mkono mmoja ulitikisa kayamba ya kibuyu. Mwingine ulishika konga, mgwisho wa mkia wa mnyama, na huo huo mgwisho ndio silaha ya Mwindo ndani ya kisa, kwa hiyo watu walimwona shujaa na msimulizi wake wakishika fimbo moja. Vijana walipiga kipande cha mti kwa vijiti na kuanzisha viitikio, na kijiji kikaitikia. Mara mtambaji alisimama akalalamika kwamba ana njaa, akatunzwa, akaendelea. Hata makarani waliokuwa wakinakili aliwataja humo humo katikati ya habari.

Sasa angalia muziki ulivyopangwa. Shemwindo, mwami wa Tubondo, amewakataza wake zake kumzalia mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa. Baba anamtupia mkuki, anashindwa. Anaagiza azikwe, mtoto anarudi. Mwishowe anaamuru afungwe ndani ya ngoma na ngoma itupwe kwenye kina cha mto. Na kutoka ndani ya ngoma ile Mwindo anaimba. Hapo Rureke hakatizi hadithi ili awaburudishe watu kwa wimbo. Wimbo wenyewe ndiyo habari: kinachowajulisha walio ukingoni kwamba mtoto yu hai ni sauti inayotoka ndani ya ala. Mtunzi wa konserto anayetafuta sababu ya kuweka fidla na msimulizi jukwaani pamoja hatapata sababu bora kuliko hiyo. Msimulizi anaweza kusema ngoma ilizama. Yule aliyemo ndani hana budi asikike.

Na hao waliokuwa Bese, Wanyanga wa mwaka 1956, je, hawakukijua kisa? Walikijua. Ndiyo maana waliweza kuitikia. Swali la hadithi kuisha hamu linamhusu msomaji wa riwaya ya polisi, anayetaka kujua nani ameua. Msikilizaji wa karisi, yaani utendi kwa Kinyanga, alitaka kusikia Rureke, usiku huu, atamtoaje Mwindo majini.

Kitabu kilitoka California mwaka 1969, kizuri, chenye matini ya Kinyanga na tafsiri ya Kiingereza. Nyimbo zake humo ni maneno yaliyochapwa. Katika kile kisa cha Stravinsky askari anampa Shetani fidla yake ili apewe kitabu, na sijawahi kukisikiliza bila kuwafikiria watambaji wetu.

Mwaka uliofuata, 1970, mtaalamu Ruth Finnegan alichapa kitabu chake kikubwa kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, na humo akaandika kwamba utendi, kwa maana ya shairi refu la kishujaa, hauonekani kuwa fani ya kawaida kusini mwa Sahara. Masimulizi marefu ya Kongo aliyajua. Kilichomzuia kuyaita tendi ni kwamba yalielekea kuwa nathari iliyochanganyika na nyimbo. Isidore Okpewho alimjibu mwaka 1979, na Mugyabuso Mulokozi wa Tanzania akajibu kwa urefu mwaka 2002 akiwa na tendi za Wahaya mkononi, zile zinazopigwa kwa enanga. Hapa ndipo ninapopataka. Mchanganyiko wa kusema na kuimba ulitumika kuwa sababu ya kutunyima jina la utendi. Nusu karne baadaye mchanganyiko ule ule ukipandishwa jukwaani na fidla huko Ulaya, unaitwa mpya. Na sisi, badala ya kucheka, tunausaidia ushahidi wa upande wa pili.

Kuna jibu jingine, la kiufundi zaidi, na hilo nalipenda kuliko yote. Ukiteremka na mto Ruzizi hadi Burundi utakuta inanga ya kunong'ona. Ala yenyewe ni kibao kirefu kilichochimbwa kama sinia, chenye uzi uliopitishwa juu yake mara kadhaa. Mpigaji anaiweka mbele yake, anacharaza nyuzi za chini taratibu, na juu yake hasemi wala haimbi, ananong'ona. Sasa, Kirundi ni lugha ya toni: neno hubadilika maana kwa sauti kupanda au kushuka. Na kunong'ona kunaua toni, kwa sababu koo halitetemi. Kinachobaki ni pumzi na konsonanti. Hapo inanga inaingia. Nyuzi zinatoa ule mpando na mshuko ambao mnong'ono umeupoteza, na sikio la msikilizaji linaziunganisha pumzi na nyuzi mpaka linasikia mtu mmoja akiimba, ingawa hakuna aliyeimba. Mtaalamu Cornelia Fales ameichunguza kwa makini namna sikio linavyofanya hivyo. Ondoa neno, na inanga ni mlio mzuri usio na habari. Ondoa inanga, na mnong'ono haueleweki sawasawa.

Kirega nacho ni lugha ya toni. Ndiyo maana gogo lililochimbwa mdomo mmoja mrefu, upande mmoja mnene na wa pili mwembamba, liliweza kupeleka ujumbe kutoka kijiji hadi kijiji kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini. John Carrington, mmisionari wa Yakusu karibu na Kisangani, alieleza mwaka 1949 jinsi wapigaji wa huko walivyotatua tatizo la maneno mengi kuwa na toni zilezile: hawakupiga neno tupu, walipiga fungu zima la maneno, kwa sababu kirefu hakichanganyiki na kingine. Kwa hiyo ala inayosema si ndoto ya mtunzi wa kisasa. Na fidla ina kitu ambacho gogo, inanga na likembe havina: inaweza kushikilia sauti bila kukatika, na inaweza kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine bila ngazi, kama koo linavyofanya. Kati ya ala zote zilizoletwa na meli, ndiyo iliyo karibu zaidi na mdomo wa mtu anayezungumza.

Hilo linanifikisha kwa ndugu zangu, na kwao nitakuwa mfupi, maana hoja ya fidla kuwa ya Wazungu haina miguu mirefu. Ulaya yenyewe ilijifunza kupitisha upinde juu ya nyuzi kutoka kwa Waarabu na rebabu yao. Endingidi ya Uganda, yenye uzi mmoja, inasemekana iliingia Buganda mwanzoni mwa karne ya 20, na leo hakuna Mganda anayeiita ngeni. Unguja, kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 kimekuwa na fidla katika taarabu kwa vizazi, na Waswahili hawakungoja ruhusa ya mtu. Justinian Tamusuza wa Uganda aliandikia ala nne za nyuzi za Ulaya mahadhi ya kwao, Kronos Quartet wakayatoa kwenye albamu mwaka 1992. Kinshasa, Armand Diangienda, mjukuu wa nabii Simon Kimbangu, alianzisha okestra ya Kimbanguiste mwaka 1994 na watu waliopokezana fidla chache, na nyuzi zilipokatika walitumia nyaya za breki za baiskeli. Ala ambayo Mkongo ameifunga waya wa breki ikaendelea kulia imekwisha lipa kodi ya kukaa nchini.

Wasiwasi wao wa kweli, nadhani, ni mwingine: kwamba hadithi ikipanda jukwaa la okestra itakuwa maonyesho kwa wageni. Hilo nalikubali, na dawa yake ni lugha. Konserto ya Shabunda itakayosimuliwa kwa Kifaransa mwanzo hadi mwisho itakuwa imejikata kilimi, kwa sababu fidla haitakuwa na toni ya kufuata. Kiswahili pia hakina toni za namna ile. Kina mkazo wake, kinatembea kwa mapigo, na kinafaa kwa sehemu nyingine: habari, ugomvi, mizaha, mambo ya sokoni. Ningependa msimulizi ahame kutoka Kiswahili kwenda Kirega pale hadithi inapoingia ndani, kama wazee wafanyavyo hasira inapowapanda, na fidla ihame naye. Visa vipo. N'sanda Wamenka alichapa tendi za Warega Tervuren mwaka 1992, na shujaa Mubila bado anangoja wa kumpigia.

Na visa vipya pia vipo, na hapo ndipo hoja ya kwamba muziki unajitosheleza inavunjika kabisa. Mto Ulindi unaopita Shabunda uliingiwa na mashine za kufyonza dhahabu mnamo 2014 na 2015. Shirika la Global Witness likachapa ripoti mwaka 2016 kuhusu dhahabu hiyo na waliofaidika nayo. Fidla inaweza kulia kwa ajili ya mto. Haiwezi kutaja mwaka, wala mashine, wala ushuru uliolipwa kwa nani. Lazima mtu aseme. Hèctor Parra alipotunga opera juu ya ajali ya lori la tindikali lililoua watu Katanga mwaka 2019, iliyoonyeshwa Geneva mwezi Januari 2024 chini ya uongozi wa Milo Rau, mwandishi wa maneno yake, Fiston Mwanza Mujila wa Lubumbashi, alipanda jukwaani mwenyewe kama msimulizi. Sidhani kuna aliyetoka pale akisema nota ziliwaishia.

Kazi ikifanyika, itakuwa na matatizo ambayo Hanslick hakuyawaza. Fidla hugundishwa kwa gundi ya ngozi, na unyevu wa msitu huilegeza mpaka mbavu zikaachana na mgongo. Mpigaji atakayekwenda Shabunda aende na fundi, au akajifunze kugundisha mwenyewe. Okestra ya watu 60 haitafika. Wapigaji saba wa Stravinsky watafika, wakipata ndege, na tayari vijana wa gogo wapo huko. Lakini tatizo kubwa ni la ukumbini. Adabu ya konserto, kama tulivyofundishwa, ni kunyamaza mpaka mwisho, na kwa mila ya Kirega, msimulizi anayesimulia mbele ya watu walionyamaza anaonekana mtu aliyekosana na kijiji chake. Adabu hiyo nayo si ya kale kiasi wanachodhani. Mozart alipokuwa Paris mwaka 1778 alimwandikia baba yake kwa furaha kwamba wasikilizaji walipiga makofi katikati ya simfonia yake, mahali pale pale alipokuwa ameweka kipande akijua watakipenda, na alikuwa amekirudia mwishoni kwa makusudi. Mtunzi wa konserto ya Mubila afanye hesabu hiyo hiyo: aamue ukumbi utapewa mapigo mangapi ya kuitikia na wapi, ayaandike kwenye nota za okestra kama anavyoandika za fidla, na amwonye kiongozi wa okestra asigeuke kuwanyamazisha watu.